Kona ya Kwanza Kwenye Mashini ya Serkle

Siku mliponipa saa ya ukutani na chupa ya soda iliyokwisha kupoteza ubaridi, ninyi wa shule ya madereva, mliniomba niandike niliyoyajua kazini ili yasipotee. Nimekaa mezani wiki tatu. Niliyoyajua yamejaa kurasa mbili, na nusu yake ni habari ya upepo wa mipira ya magurudumu. Niliyoyakosea ndiyo yaliyojaa daftari. Basi chukueni daftari. Vyeo na mishahara nimeviacha nje, maana mnavijua, na vinachosha hata mwenyewe.

Niliingia Kampuni, ile ya shaba, nikiwa na leseni mpya na viatu nilivyoazima kwa kaka yangu. Nchi ilikuwa imepata jina jipya, nasi tulikuwa tumeambiwa tuache majina ya ubatizo. Kwenye karatasi nikawa Kalenga tu. Nyumbani mama yangu akaendelea kuniita Fidèle kana kwamba Rais hakusema kitu. Hapa Likasi Kampuni ilikuwa kila kitu: nyumba ilikuwa yake, unga wake, hospitali yake, hata king'ora kilichotuamsha. Mtu akikuuliza unafanya kazi wapi, ulimwonea huruma kwa kuuliza.

Mwalimu wangu aliitwa Papa Mwepu, mtu mfupi, mnene, aliyezaliwa upande wa Luapula na kuendesha kamyo, yaani malori, tangu enzi za Wabelgiji. Siku ya kwanza hakunipa usukani. Alinipa bisibisi akaniambia nifungue kiti cha dereva. Nikatoa sponji na ngozi yake, tukaweka mahali pake ubao wa sanduku la sabuni. Nikakaa. Akaniambia kamyo haina mdomo, inasema kwa matako ya dereva, na anayekalia sponji ameziba masikio.

Mnacheka, lakini alikuwa na haki. Kwenye ule ubao nilijifunza mambo ambayo kitabu hakina. Mzigo wa mawe ya shaba ukianza kuhama upande wa kushoto, unausikia kwenye mfupa wa nyonga kabla kamyo haijainama. Gurudumu la nyuma likitaka kuteleza kwenye matope, ubao unakuwa mwepesi, kama mtu amekuinua kidogo kwa heshima. Breki ikishika upande mmoja, unasukumwa upande wa pili. Kamyo tupu inakurusha. Kamyo iliyojaa inakusukuma kutoka nyuma, na haichoki kusukuma mpaka ufike chini ya mlima. Ilinichukua miezi minne kuyajua hayo, na katika siku ya tatu ya hiyo miezi nililaza nguzo ya lango la karakana. Papa Mwepu hakunigombeza. Alishuka, akaitazama nguzo, akaniuliza kama iliniona. Mpaka leo sijui ilikuwa mzaha au swali.

Alipostaafu nikachukua nafasi yake na bisibisi yake. Vifaa vyangu vilikuwa hiyo bisibisi, chaki ya kuchora kona sakafuni, nyundo ya kugonga mipira, na ulimi. Nilifundisha madereva wengi wa kamyo za mawe, wengine hodari, wengine wa ajabu. Alikuwepo mmoja aliyetoka seminari, ambaye kila tulipokutana na kamyo nyingine kwenye daraja alifumba macho, akasema anamwachia Mungu nafasi. Nilimpeleka kwenye ghala la vipuri, ambako Mungu alikuwa na nafasi ya kutosha. Mbele yangu wanafunzi waliniita Monitere. Nyuma yangu waliniita Monitere Matako. Nililijua jina hilo, na kwa siri nililipenda.

Halafu mambo yakaanza kupungua. Shaba haikuwa tena na bei, na mazutu ya kuendeshea kamyo tulipimiwa kama dawa ya kikohozi. Mipira mipya ilikwenda migodini tu. Shule yangu ikabaki na kamyo moja, na wiki nyingine nilifundisha kona kwa chaki, wanafunzi wakitembea kwa miguu na kuvuma kwa midomo. Wakati huo huo Mgiriki mmoja aliyekuwa na baa mjini alifunga biashara akaondoka. Alichoshindwa kubeba alikiacha kwenye serkle yetu ya wafanyakazi, jengo lile tulikokunywa bia na kusikiliza hotuba za chama. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashini ya mchezo wa magari.

Wengi wenu hamkuiona, basi niieleze. Lilikuwa sanduku kubwa lenye kiti ndani, usukani mdogo, makanyagio mawili, na fimbo ya vitesi, yaani gia, viwili, cha chini na cha juu. Mbele palikuwa na kioo kama cha televisheni. Ukianza, unaona mgongo wa gari dogo la mashindano, na barabara inakujia na kona zake, majani ya kijani kando, na mbao za matangazo. Ukigusa ubao au gari la mwenzako, gari lako linapasuka kwa moto mwekundu, na baada ya pumzi mbili linarudi barabarani zima, limeoshwa. Banza, fundi umeme wetu, aliitengeneza ikawa inaanza kwa kubonyeza kitufe, bila kutia sarafu. Saa sita mchana watu walipanga foleni na sahani zao za bukari, ugali wetu, mkononi. Mimi niliipita kila siku bila kugeuza shingo. Nilisema ni kitu cha kupoteza akili.

Mkuu wa usafirishaji alikuwa Shefu Kitenge, mhandisi, mtu mpole mwenye suti za abakosti zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Aliniita ofisini akaniambia watu thelathini wameomba kuwa madereva, na mazutu yaliyopo hayatoshi kuwajaribu hata kumi.

"Monitere, mazutu haiko. Mipira haiko. Mashini iko," akasema. "Tutachuja bantu na mashini kwanza. Mwenye kumaliza duara, anapanda kamyo."

Nilidhani anatania. Nilimweleza kwamba ni kama kuchagua wapishi kwa picha za chakula. Akasema vizuri, basi nianze mimi, niwaonyeshe watu inavyofanywa, halafu tutajua kama inafaa.

Shefu akabandika tangazo la jaribio ukutani mwa serkle, na mchana wakakusanyika hapo mbele yake, waombaji wote na wengine waliokuja kwa furaha tu. Nilivaa kofia ya kazi. Niliingia kwenye lile sanduku, nikarekebisha kiti kama mtu anayejua, nikakanyaga. Kona ya kwanza nikapasuka. Nikarudi, nikakanyaga, kona ile ile nikapasuka. Mara ya tatu nilipunguza mwendo mpaka magari yote yakanipita, na bado nikapasuka kona ya kwanza. Mara ya tano hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Nilitoka nikasema kiti kina sponji.

Ndipo aliposimama Numbi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, aliyefanya kazi kwenye santrali ya simu jengo la jirani na kula chakula chake pale serkle kila mchana. Sauti yake tuliijua wote. Ndiyo iliyotuambia subiri. Simu za Kampuni zilikuwa zinakufa moja moja, na kila laini iliyokufa ilimsogeza karibu na siku ya kuambiwa arudishe funguo za nyumba. Alikwisha kuandika barua kuomba kazi ya udereva. Najua, kwa sababu barua hiyo niliipokea mimi, na niliiweka kwenye droo yangu chini ya makaratasi ya mipira. Sikuwa na sababu. Sikuwahi kuona mwanamke kwenye kamyo ya mawe, basi nikaona hakuna haraka ya kumwona.

Aliweka sahani yake chini, akafuta vidole, akaingia. Alimaliza duara zima bila kugusa hata jani. Alipotoka, mmoja wa waombaji akasema mwanamke hahesabiwi. Numbi alimgeukia Shefu.

"Karatasi ya ukutani inasema kila muntu," akasema. "Minye haiko muntu?"

Shefu Kitenge alikwenda kuisoma ile karatasi tena, akarudi, akaniambia nimwandike.

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nilikaa kuandika ripoti. Ilikuwa na kurasa nne. Ndiyo kitu bora nilichowahi kuandika, na nilikiandika kwa nia mbaya. Nilisema gari la mashini linageuka kama kiti cha karani, kwenye msumari mmoja ulio katikati, wakati gari la kweli linageuza kichwa kwanza na mkia unafuata ukipenda. Nilisema halina uzito: ukifunga breki pua yake hailali, ukikanyaga mafuta mkia wake haukai chini. Breki zake hazipati moto hata ushuke mlima mzima. Mpira wake unalia kwanza ndipo unateleza, kwa adabu, wakati kwenye vumbi la barabara ya Kakanda mpira hautoi taarifa. Usukani wake unatii papo hapo, lakini wetu unazungusha robo duara bure kabla magurudumu hayajasikia habari. Mwisho nikaandika kwamba gari linalofufuka baada ya pumzi mbili linamfundisha dereva uongo mkubwa kuliko yote.

Kila neno lilikuwa kweli. Shefu aliirudisha na maneno matatu pembeni: "Basi itengenezeni ninyi."

Hivyo Banza nami tukaanza kuitengeneza. Tulitoa sponji ya kiti tukaweka ubao. Chini ya kanyagio la breki tulitia resori, springi ya kamyo, ngumu kiasi kwamba ilibidi uinuke kuikanyaga. Tuliulegeza usukani ukawa na uvivu wa robo duara. Halafu tukaweka sanduku lote juu ya mabomba ili liyumbe, nami nikawasimamisha wapakiaji wawili nyuma yake. Nilipopiga kelele "breki" wakawa wanasukuma, nilipopiga kelele "mlima" wakawa wanainua. Mmoja wao aliniuliza kama hiyo kazi itaandikwa kwenye karatasi yake ya mwezi, na kama itaandikwa, itaitwa nini.

Nawaambia ukweli: sikuitengeneza ili ifanane na kamyo. Niliitengeneza ili Numbi ashindwe. Alikuja mchana, akakalia ubao, akatikiswa kama mahindi kwenye ungo, na akamaliza duara. Alichelewa kidogo. Nikasema sasa mashini imekuwa ya kweli, nami naweza kuiendesha. Nikaingia kwenye kiti nilichokijenga mwenyewe, na wapakiaji wangu nyuma. Nilipasuka kona ya kwanza.

Banza aliinama karibu na sikio langu. Alikuwa mtu asiyependa kumwaibisha mtu mbele za watu.

"Papa, ule mushale wa kona hauuone?"

"Ninauona. Ni mdogo."

"Uko mkubwa kama mulango, Papa."

Nikajikaza kutazama. Kwenye kile kioo niliona majani, niliona barabara, na pale alipoelekeza kidole niliona kitu cheupe, kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Nikasema kioo kichafu. Banza alikipangusa kwa mkono wa shati lake, akanitazama, akaondoka.

Kama ningekuwa na akili, ningekumbuka hapo mambo mengine. Majirani zangu wa mtaa wa Kikula walikuwa wanasema kwamba tangu niwe monitere nimekuwa na majivuno, napita njiani bila kuwasalimu. Mke wangu aliniletea shutuma hizo mara mbili, nami nikamwambia watu wana wivu. Barabara zote nilizoendesha nilizijua kwa miaka. Kila shimo lilikuwa na mahali pake kwenye mwili wangu. Kwenye mashini sikuwa na shimo la kunijulisha niko wapi, nilikuwa na macho tu. Na macho hayakuwepo. Lakini mtu akipewa nafasi ya kulaumu kioo, hamalizi kukilaumu haraka.

Tulipopata mazutu nilimpandisha Numbi kwenye kamyo, na hapo furaha yangu ikarudi, maana ripoti yangu ilikuwa sahihi. Mashini ilikuwa imempa tabia mbaya. Alifunga breki mwishoni kabisa, akausaga usukani kushoto na kulia kama anayepepeta, na alitegemea kamyo igeuke pale pale alipoitaka. Kamyo haikumsikiliza. Alilia mara moja, akiwa amegeuza uso dirishani, halafu akaanza tena kutoka mwanzo. Lililokuwa zuri kwake nililiona na sikulisema: alitazama mbali. Wengine wote wanaoanza hutazama boneti. Yeye alitazama mwisho wa barabara, kama mtu anayesubiri mgeni.

Siku ya safari ya Kakanda tulikwenda wawili tu, kuchukua mawe. Tulipakia, tukageuza. Kwenye mteremko wa kwanza Numbi alishuka na kitesi kikubwa mno, akategemea breki, na nusu ya njia harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani. Nilimwamuru asimame. Tulingoja zipoe, nami nikatumia muda huo kumhutubia juu ya uzito, joto na injini, hotuba niliyoitayarisha tangu siku ya serkle. Kisha nikamwambia ahamie upande wa pili, atazame jinsi kamyo inavyoshushwa na mtu anayeijua.

Niliishusha vizuri sana, hilo lazima niliseme. Injini ilishika mzigo wote, breki sikuzigusa ila kuzisalimu. Tulifika tambarare, nikaacha kamyo ikimbie, nikaendelea na hotuba. Numbi akanikatiza, akasema kuna majani barabarani.

Mnajua maana ya majani. Gari likiharibika, dereva anakata matawi, anayapanga barabarani toka mbali ili wanaokuja wapunguze mwendo. Mimi sikuona tawi lolote. Niliona barabara nyekundu niliyoijua. Nilidhani ameanza kunifundisha kazi, na nikaongeza mwendo kidogo, namna mtu mzima anavyoongeza sauti.

"Papa, simama."

Nilisikia matawi yakivunjika chini ya magurudumu. Niliyasikia kwenye ubao, moja, la pili, la tatu, mwili ukaelewa, na bado mbele yangu hapakuwa na kitu ila kivuli kilichoweza kuwa mti. Kisha kivuli kikawa na namba ya gari. Numbi aliuvuta usukani kwa mikono yote miwili kuelekea kwake, akausukuma mguu wangu kwa mguu wake kwenye breki. Tukaiacha barabara. Mawe yakahama, kamyo ikaegemea upande mmoja ikafikiria, ikarudi. Tulipita katikati ya majani marefu, na kichuguu kikubwa kikatupokea kwa pua. Injini ikazima.

Kamyo tuliyoikwepa ilikuwa imesimama hapo imevunjika ekseli. Chini yake, miguu ikiwa nje barabarani, alikuwa amelala fundi akifungua nati. Alitambaa akatoka, akakaa kwenye vumbi, akaishika miguu yake mwenyewe, mmoja mmoja, kama anayeihesabu. Hakutugombeza. Alituomba maji.

Nilikwenda kumpa maji. Niliporudi Numbi alikuwa ameegemea kichuguu.

"Papa Kalenga, yale majani yote hauyaone?"

Nikamwambia jua lilinipiga machoni. Alasiri ile tulikuwa tunarudi Likasi, na jua lilikuwa mgongoni mwetu. Aligeuka akalitazama jua, akanitazama mimi, na sikujua niangalie wapi.

"Minye sitakwenda kusema kwa Shefu," akasema polepole. "Weye njo utasema. Lakini muntu mwingine hatapanda na weye tena. Nitasimama mbele ya kamyo."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi nilikaa nyumbani nikitunga sababu. Nilikuwa nazo tatu nzuri. Jumapili tulikwenda misa, na kutoka kwenye benchi letu la siku zote nikatazama ubao wa namba za nyimbo ukutani. Miaka yote hiyo niliimba bila kukosea, kwa sababu nyimbo nilizijua na kwa sababu mke wangu huanza kabla yangu kidogo. Siku hiyo nilijilazimisha kusoma namba. Hapakuwa na namba. Nilimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama wameandika wimbo wa kwanza. Alinigeukia, akaninong'oneza namba. Alipomaliza akasema, "Fidèle, toka lini?" Sikujua. Nikamwuliza kama kumbe wale majirani nilikuwa nawapita kweli. Akasema nilikuwa nawapita mpaka na mama yake.

Jumatatu nilimwambia Shefu Kitenge kila kitu, nimesimama. Nilidhani kusema kutachukua muda mrefu. Kulichukua dakika mbili. Alivua miwani yake mwenyewe, akaisafisha, na nikaona anajizuia asinipe niijaribu. Akaniuliza ni watu wangapi nimewapeleka barabarani katika hali hiyo. Nikasema sijui, na hilo jibu ndilo linalonifanya niandike haya yote, ninyi mnaodhani naandika kuwachekesha. Fundi yule alikuwa na miguu miwili kwa sababu ya mwanamke niliyemfungia barua kwenye droo. Nilikwenda nikaileta ile barua, nikaiweka mezani. Shefu akaisoma tarehe yake, akaipiga muhuri.

Hospitali ya Kampuni ilinipa miwani mizito kama vitako vya chupa, na barua ya kunitoa barabarani. Siku niliyoivaa nilikwenda kwanza serkle, saa ambayo haina watu. Mushale ulikuwepo, mweupe na mwekundu, mkubwa kama mlango kweli. Nikaipita kona ya kwanza bila shida, nikacheka peke yangu ndani ya sanduku, nikapasuka kona ya pili. Kumbe ubaya mwingine ulikuwa wangu mwenyewe.

Numbi alifanya mtihani mbele ya monitere aliyetoka Kambove, na alianguka. Hakuanguka kwenye mteremko wala kwenye kona. Alianguka kwenye kurudi nyuma. Ile mashini haina kitesi cha kurudi nyuma, jambo ambalo mimi, katika kurasa zangu nne za akili, sikulikumbuka. Nilimwomba Shefu ruhusa ya kumfundisha uwanjani, mimi nikiwa kwa miguu. Wiki mbili nilitembea nyuma ya kamyo ile nikiwa na mapipa matupu na chaki, nikimwonyesha jinsi mkia unavyokwenda kinyume cha mkono, na mara mbili ilibidi niruke. Nilimwomba msamaha siku moja hapo kati ya mapipa, kwa ile barua. Akasema amesikia, na akaniomba nisogeze pipa la kushoto. Mtihani wa pili alishinda.

Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa kupeleka saruji Mwadingusha, kwenye bwawa. Kanuni ilidai mtu wa pili ndani ya kamyo, na Shefu alipouliza nani aende, Numbi alinitaja mimi. Mpaka leo sijui kwa nini, na sikumuuliza kwa kuogopa jibu.

Nilipanda upande wa abiria, na miwani yangu imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Barabara ile nilikuwa nimeiendesha miaka kumi na mitano. Nilikuwa sijui kwamba milima ya upande wa kulia ina miti, mmoja mmoja, yenye matawi. Sikujua kwamba kuna nyumba mlimani, yenye mlango wa buluu. Wanawake wenye beseni za uyoga walisimama kando ya njia, na nikaona nyuso zao toka mbali, wakiinua mikono, na nikawapungia wote, hata wasionijua. Numbi alishusha kitesi kabla ya kila mteremko, akaacha injini ishike mzigo, breki zikabaki baridi. Niliona kosa dogo hapa na pale. Mkono wangu ulipanda mara mbili kutaka kuonyesha, nikaurudisha gotini.

Tulipokaribia mto Lufira, pale barabara inapoanza kushuka na maji yanaonekana, akanitupia jicho.

"Papa Kalenga, uko mugonjwa? Toka Likasi hausemi kitu."

Nikamjibu niko mzima, ninaangalia tu. Akarudisha macho mbele, akashusha kitesi, na tukateremka polepole mpaka mtoni.